“Discuss about” ina kosa gani? Vitenzi elekezi na yambwa ya Kiingereza kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kila baada ya muda husambaa mitandaoni video ya mchezaji, msanii au mheshimiwa fulani anayehojiwa kwa Kiingereza, na chini yake maoni ya watu wanaocheka hujipanga kwa mamia. Amesema “We discussed about the budget”, au “The match was good, we really enjoyed”, au amemgeukia msaidizi wake na kumwambia “Borrow me your pen”. Wanaocheka wanajua kwamba pana kosa, lakini ukiwauliza kosa lenyewe ni lipi, wengi hujibu tu kwamba “haisemwi hivyo”, na maelezo yao yanaishia hapo. Wapo wanaosema ni upungufu wa msamiati, wapo wanaosema ni nyakati, na wapo wanaolaumu shule za siku hizi. Sentensi hizo tatu, ingawa kwa sura hazifanani, zimekwama penye fundo moja, nalo ni uhusiano kati ya kitenzi na kile kinachotendwa. Kiswahili nacho kina fundo hilo, ila kimelifunga mahali pa wazi, ilhali Kiingereza kimelificha ndani ya kumbukumbu ya msemaji, ambako mgeni halioni.

Majina ya vitu kwanza. Kitenzi elekezi ni kitenzi ambacho maana yake haikamiliki mpaka atajwe au kitajwe kinachopatwa na tendo. Ukimwambia mtu “Juma amevunja” kisha ukanyamaza, atakutazama akisubiri umalizie: amevunja nini? Sahani, ahadi, mguu, rekodi? Kile kinachojibu swali hilo ndicho yambwa tendwa, ambayo wanafunzi wa Kenya wanaijua zaidi kwa jina la shamirisho kipozi. Kitenzi sielekezi hakina deni hilo. “Juma amelala” ni taarifa iliyotimia, na mtu akiuliza “amelala nini?” tutadhani anatania. Kiingereza huviita vitenzi vya kundi la kwanza “transitive”, neno lenye asili katika Kilatini “transire”, yaani kuvuka, na taswira hiyo inafaa: tendo huanzia kwa mtendaji, likavuka, likatua kwa mtendwa, kama pantoni inayotoka Magogoni na kutia gati Kigamboni. Kitenzi sielekezi ni chombo kinachozunguka majini na kurudi gati lilelile kilikotoka.

Katika sentensi “Amina broke the plate”, Amina ni kiima, “broke” ni kitenzi elekezi, na “the plate” ni yambwa tendwa. Walimu wengi hufundisha njia ya mkato ya kuitambua yambwa hiyo, nayo ni kuuliza “what?” au “whom?” mara baada ya kitenzi. Amina alivunja nini? Sahani. Njia hiyo hufanya kazi vizuri mpaka siku mwanafunzi anapokutana na “Amina became a nurse”. Amina akawa nini? Muuguzi. Kwa kuwa swali limejibiwa, mwanafunzi hupigia mstari “a nurse” na kuandika kuwa ni yambwa, kisha hushangaa kuona alama ya mkasi. Tatizo ni kwamba muuguzi huyo si mtu mwingine aliyepatwa na tendo. Ni Amina mwenyewe. Vitenzi kama “be”, “become” na “remain” vinafanya kazi ya alama ya sawasawa katika hesabu: kilicho kushoto na kilicho kulia ni kitu kimoja. Amina na sahani, kwa upande mwingine, ni vitu viwili, na kimoja kimemfikia mwenziwe kwa ubaya.

Jaribio lililo imara zaidi ni kuigeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa. “The plate was broken by Amina” inasimama. “A nurse was become by Amina” inaanguka, na hata anayejifunza huhisi kwamba imeanguka. Jaribio hilohilo hututenganishia yambwa na maneno mengine yanayojipanga nyuma ya kitenzi bila kuwa yambwa. Linganisha “She ran the whole company” na “She ran the whole night”. Kwa macho zinafanana mpaka neno la mwisho. Lakini kampuni inaweza kuendeshwa, kwa hiyo “The whole company was run by her” inakubalika, ilhali usiku mzima hauwezi “kukimbiwa” na mtu, kwa sababu usiku hapa si mtendwa bali ni kipimo cha muda, yaani chagizo. Nikiri kwamba jaribio lenyewe lina mianya michache: “have”, “lack” na “resemble” hubeba yambwa bila shida, lakini hakuna anayesema “A car is had by Juma”. Mianya hiyo ni ya kukariri tu.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea sana, kwamba kitenzi elekezi ni kitenzi cha “tendo la nguvu” na kitenzi sielekezi ni cha hali ya utulivu. Kukimbia, kuruka na kucheka ni matendo ya jasho kabisa, lakini “run” katika maana ya mbio, “jump” na “laugh” hukaa bila yambwa. Kumpenda mtu, kujua jibu, kumiliki shamba na kuogopa giza hakuhitaji mtu ainuke kitini, lakini “love”, “know”, “own” na “fear” ni vitenzi elekezi vya kutegemewa. Swali halihusu nguvu inayotumika. Linahusu idadi ya washiriki ambao kitenzi kinawataka wawepo ili sentensi isimame.

Sasa tufike penye kiini. Katika Kiswahili, idadi hiyo ya washiriki huandikwa kwenye kitenzi chenyewe, na huandikwa mkiani. Tukichukua “vunja”, tuna mtendaji na mtendwa. Tukiongeza kiambishi na kupata “vunjika”, mtendaji ameondoka na kitenzi kimekuwa sielekezi. “Chemka” ni ya maji peke yake. “Chemsha” imemleta mtu mwenye jiko. “Penda” inataka wawili, na “pendana” imewaunganisha wawili hao katika kiima kimoja, hata haiwezekani tena kuweka yambwa nyuma yake. “Pika” ina mpishi na chakula. “Pikia” imemkaribisha mlaji. Mtoto wa miaka minne hachanganyi “kikombe kimevunja” na “kikombe kimevunjika”, japokuwa hajawahi kusikia neno kitenzi elekezi. Mkia wa neno umemfundisha.

Kiingereza kina mikia michache sana ya aina hiyo, na mara nyingi hunyamaza tu. “I broke the cup” na “The cup broke” zinatumia kitenzi kilekile, bila hata herufi kuongezeka. “I boiled the water”, “The water boiled”. “She opened the door”, “The door opened”. Kinachomwambia Mwingereza kwamba mlango umefunguka na haukufungua kitu ni nafasi tu ya maneno na akili ya kawaida. Ndiyo maana katika Kiingereza inawezekana kusema “Mother is cooking” na “The rice is cooking” kwa mpangilio uleule kabisa, ilhali katika ya kwanza mama anapika na katika ya pili wali unapikwa. Mfano ambao wanaisimu hupenda kuutumia ni “The chicken is ready to eat”. Je, kuku yuko tayari kula, au yuko tayari kuliwa? Kwa Kiswahili hakuna fumbo hapo. Silabi chache zinaamua hatima ya kuku. Kwa Kiingereza yambwa ya “eat” haikutajwa, na anayesikia lazima achungulie kama kuku yuko uani au mezani.

Kwa hiyo imani nyingine inayowapotosha wanafunzi, kwamba kila kitenzi cha Kiingereza kina kundi moja la kudumu, haina msingi. Vitenzi vingi huishi pande zote mbili. “Eat” na “read” hukubali kukaa na yambwa au bila yambwa: “He is eating ugali” na “He is eating” zote ni sahihi. Lakini “break” haina uhuru huohuo, kwa sababu ukiondoa yambwa, maana ya kiima inageuka kutoka mvunjaji kuwa kilichovunjika. Na vipo vitenzi visivyotaka mzaha hata kidogo, ambavyo ni elekezi siku zote za mwaka katika Kiingereza sanifu cha maandishi: “enjoy”, “discuss”, “mention”, “reach” kwa maana ya kufika mahali. Hapa ndipo tunaporudi kwa mheshimiwa wetu wa kwenye video.

“Discuss” ni kitenzi elekezi. Tendo linavuka moja kwa moja hadi kwa bajeti, na kihusishi “about” ni nahodha wa pili kwenye pantoni isiyomhitaji: “We discussed the budget”. Watu huharakisha kulilaumu Kiswahili kwa kosa hili, lakini tunapozungumza Kiswahili tunasema “tulijadili bajeti”, bila kihusishi chochote, sawasawa kabisa na Waingereza. Pengine “tulijadiliana kuhusu bajeti” imechangia, lakini kwa maoni yangu mkosaji mkubwa ni Kiingereza chenyewe, kwa sababu nomino ya tendo hilo huandamana na kihusishi: “a discussion about the budget”. Nomino ya Kiingereza haina uwezo wa kubeba yambwa tupu nyuma yake, kwa hiyo huazima kihusishi cha kuishikilia. Kitenzi kina uwezo huo na hakiazimi. Ukilishika jambo hili, kundi zima la makosa linafunguka kwa ufunguo mmoja. Tunaandika “I requested for leave” kwa sababu tumezoea “a request for leave”, lakini kitenzi kinataka “I requested leave”. Tunasema “He emphasised on discipline” kwa sababu ya “emphasis on”, lakini sahihi ni “He emphasised discipline”. Vivyo hivyo “demand”: nomino huenda na “for”, kitenzi huenda peke yake. Anayechumbiwa kwa Kiingereza naye ajihadhari: “She is married to him” ni sawa kwa kuwa “married” pale ni kivumishi, lakini kitenzi chenyewe hakitaki “to” wala “with”: “She married him”.

Upande wa pili wa mto kuna vitenzi ambavyo Kiswahili kinaviona kuwa elekezi na Kiingereza kinakataa. Tunasikiliza redio, tunangoja basi, tunatazama picha, na kila mara yambwa inakaa ubavuni mwa kitenzi bila mpatanishi. Mwingereza husema “listen to the radio”, “wait for the bus”, “look at the picture”, kwa sababu vitenzi hivyo kwake ni sielekezi na haviwezi kumfikia mtendwa bila daraja la kihusishi. Hakuna mantiki ya ulimwengu mzima inayosema kwamba kusikiliza kuwe na daraja na kusikia kusiwe nalo, lakini ndivyo ilivyo: “I heard the radio”, “I listened to the radio”. Barua hujibiwa kwa namna mbili, “answer the letter” na “reply to the letter”, na maana ni ileile. Hata “fika” imegawanyika: “We arrived in Dodoma” inataka kihusishi, “We reached Dodoma” haikitaki. Ndiyo maana ujumbe wa simu unaotumwa kila jioni kutoka Kampala hadi Mombasa, “I have reached”, humfanya Mwingereza angoje kidogo. Umefikia nini? Kwetu “nimefika” imetimia. Kwake “reach” bado inadai yambwa, na mwenye kutaka kuepuka deni hilo husema “I have arrived” au kwa ufupi “I’m home”.

Deni la yambwa ndilo linalomkamata pia yule mchezaji aliyesema “we really enjoyed”. “Tulifurahi” ya Kiswahili ni sielekezi na imejitosheleza, lakini “enjoy” haimaanishi kufurahi. Maana yake inakaribia zaidi kufurahia, yenye -ia yake mkiani na kitu kinachofurahiwa mbele yake. Akisema “We enjoyed the match” au “We enjoyed it”, ametulia. Akitaka kuzungumzia furaha yao wenyewe, Kiingereza humtaka awe mtendaji na mtendwa kwa pamoja, “We enjoyed ourselves”, jambo ambalo sisi tunalifanya kwa kiambishi -ji-, kama katika “tulijifurahisha” au “alijikata”.

Kuidondosha yambwa namna hiyo hutokea hata pale kitenzi kinapojulikana kuwa elekezi. Mwalimu anauliza “Did you bring the book?” na mwanafunzi anajibu “Yes, I brought”. Kwa Kiswahili angejibu “Ndiyo, nimeleta”, au kwa ukamilifu zaidi “nimekileta”, ambapo ki- iliyojificha tumboni mwa kitenzi ndiyo kitabu. Kitenzi chetu kinaweza kuimeza yambwa na kwenda nayo. Kitenzi cha Kiingereza hakina tumbo la namna hiyo, kwa hiyo kiwakilishi lazima kisimame nje, baada yake: “Yes, I brought it”. Neno fupi la herufi mbili, lakini kukosekana kwake husikika mara moja.

Tumbo hilo la kitenzi linatupa pia uhuru wa mpangilio ambao Kiingereza hakina. “Juma alikisoma kitabu”, “kitabu Juma alikisoma”, “alikisoma kitabu, Juma”, zote zinaeleweka. Kiingereza cha zamani, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, kilikuwa na viambishi kwenye nomino vilivyoonyesha nani katenda na nani katendwa, lakini viliporomoka kadiri karne zilivyopita, na mzigo wao ukahamia kwenye nafasi ya maneno. “Juma hit Ali” na “Ali hit Juma” ni kesi mbili tofauti polisi. Mabaki ya mfumo wa zamani yapo kwenye viwakilishi tu, ambapo “he” hugeuka “him” na “I” hugeuka “me” vinapokuwa yambwa. Kwa kuwa nafasi ndiyo inayobeba maana, yambwa tendwa ya Kiingereza hung’ang’ania ubavu wa kitenzi na haipendi mtu aingie kati. “Napenda sana chai” ni Kiswahili safi, lakini “I like very much tea” haiendi. “Very much” lazima ipishe na kukaa mwisho, “I like tea very much”.

Vipi kuhusu kalamu ya kuazima? Hapa tunaingia kwenye vitenzi vyenye yambwa mbili. “Mpe mtoto maziwa” ina yambwa tendwa, maziwa, na yambwa tendewa, mtoto, ambayo Wakenya huiita shamirisho kitondo. Kiingereza hufanya hivyohivyo kwa “give”: “Give the child milk”, au kwa kuweka daraja, “Give milk to the child”. Kwa Kiswahili mlango huo uko wazi kwa takribani kitenzi chochote, kwa sababu kauli ya kutendea ipo tayari kumkaribisha mnufaika: nipikie, nifungulie, nielezee, nipendekezee. Msemaji aliyezoea uhuru huo hutamka bila wasiwasi “Explain me the problem” na “Suggest me a good phone”, na kumbe vitenzi hivyo havimruhusu mnufaika kukaa ubavuni. Lazima iwe “Explain the problem to me”, “Suggest a good phone to me”. Kuna mwelekeo unaosaidia kidogo: vitenzi vifupi vya asili ya Kigermaniki (ukoo wa lugha wenye Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia) kama “give”, “send”, “tell”, “show” na “buy” hukubali yambwa mbili, ilhali vingi vyenye asili ya Kilatini kama “explain”, “describe” na “suggest” hukataa. Mwelekeo si sheria. “Say” ni ya Kigermaniki na inakataa, “offer” na “promise” zina asili ya Kilatini na zinakubali.

“Borrow” ina kisa chake zaidi ya hicho. Kitenzi “azima” cha Kiswahili hutazama pande zote mbili: “niazime kalamu” na “kalamu hii nimeiazima” vinatoka kwenye mzizi uleule, na viambishi pamoja na muktadha ndivyo vinavyotuonyesha kalamu inakwenda upande gani. Kiingereza kimeigawa safari hiyo kwa vitenzi viwili. Anayetoa “lends”, anayepokea “borrows”, na ni “lend” pekee inayokubali kumweka mpokeaji ubavuni: “Lend me your pen”. Katika “Borrow me your pen”, sikio la Kiingereza hukutana na “me” kwanza, na kwa sekunde moja huonekana kama anayeazimwa ni mtu. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwenye fedha sisi wenyewe tumeufanya mgawanyo huohuo, kopa na kopesha, na hakuna anayekosea nani anadaiwa.

Kauli ya kutendwa nayo ina mitego inayotokana na hayohayo. Kwa kuwa kugeuza sentensi ni kuipandisha yambwa iwe kiima, kitenzi kisicho na yambwa hakina cha kupandisha, na ndiyo maana “The accident was happened” haiwezekani: “happen” ni sielekezi, ajali “happened”, basi. Kiswahili hutuzoesha vibaya hapa, maana kinaweza kutengeneza kauli ya kutendwa hata kwa kifo na mvua. Mtu “amefiwa”, wasafiri “wamenyeshewa”. Kiingereza kinakaribia uwezo huo pale tu kihusishi kinapokubali kwenda pamoja na kitenzi, kama katika “We were rained on” au “He was laughed at”, na kukiacha kihusishi hicho nyuma ni kosa. Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa harusi. “Asha aliolewa na Juma” ikihamishwa neno kwa neno inakuwa “Asha was married by Juma”, sentensi sahihi kabisa kisarufi, ila kwa Kiingereza inamaanisha kwamba Juma ndiye padri, shehe au msajili aliyefungisha ndoa. Bwana harusi hajulikani.

Nimesema Kiingereza kina mikia michache ya kuonyesha uelekezi. Ipo jozi chache ya vitenzi iliyobaki kama magofu ya jumba la kale, nayo huwatesa hata Waingereza na Wamarekani waliozaliwa ndani ya lugha. Katika lugha ya kale iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia kulikuwa na kiambishi tamati cha kusababisha, chenye kazi ileile ya -sha na -za zetu. Kiambishi hicho kiliandamana na badiliko la irabu ya mzizi, kisha chenyewe kikapotea, kikaacha irabu iliyobadilika kama alama ya mguu kwenye tope. Kwa hiyo “sit” ni kukaa na “set” ni kukalisha au kuweka. “Fall” ni kuanguka na “fell” ni kuangusha, hasa miti. “Rise” ni kuinuka na “raise” ni kuinua. “Lie” ni kulala na “lay” ni kulaza. Mtu anayejua tofauti ya kuinuka na kuinua hana haja ya kukariri zaidi: jua “rises”, mwanafunzi “raises his hand”. Bei zinapanda zenyewe, “prices rise”. Mfanyabiashara anapozipandisha, “he raises prices”.

Balaa liko kwenye “lie” na “lay”, kwa sababu wakati uliopita wa “lie” ni “lay”, yaani sura ileile ya kitenzi kingine katika wakati uliopo. “Yesterday he lay on the mat” ni jana alilala mkekani. “Every day she lays the baby on the mat” ni kila siku humlaza mtoto. Jana alimlaza ni “laid”. Si ajabu kwamba wazungumzaji wengi wa Kiingereza husema “I’m going to lay down”, jambo ambalo walimu wao hulipiga vita bila mafanikio makubwa. Mswahili ana faida hapa kuliko wao, akiuliza tu kama angesema lala au laza.

Kuhusu vitenzi vinavyoandamana na chembe kama “off”, “up” na “on”, nitasema jambo moja tu. Yambwa ikiwa nomino, inaweza kukaa kabla au baada ya chembe: “Switch off the light”, “Switch the light off”. Ikiwa kiwakilishi, nafasi ni moja, katikati: “Switch it off”.

Mwenye shaka juu ya kitenzi chochote afungue kamusi nzuri ya wanafunzi, aangalie herufi ndogo zinazofuata neno. T au “vt” ni elekezi, I au “vi” ni sielekezi, na zikiwepo zote mbili, mifano iliyo chini yake huonyesha tofauti ya maana. Utaratibu wa kumweleza mgeni si maana ya kitenzi tu bali na kampuni kinayoipenda unadaiwa sana kwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Kiingereza Japani, ambaye kamusi yake iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 ilipanga vitenzi kwa ruwaza za sentensi zinazokubalika. Aliona kwamba wanafunzi wake wa Japani walijua maneno lakini hawakujua yanavyosimama pamoja. Ni shida yetu pia.

Herufi hizo nazo hazidumu milele. Kwa muda mrefu “grow” imekuwa elekezi kwa mazao, “grow maize”, na sielekezi kwa watoto na miji. Bill Clinton alipozungumza juu ya “grow the economy” katika kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 1992, wapo waliokunja uso wakisema uchumi si mahindi, ilhali Kiswahili kingetumia “kukuza” bila kutikisika. Leo maneno hayo yako kwenye kila hotuba ya bajeti. Na “enjoy”, iliyomletea mchezaji wetu kicheko? Mhudumu wa mgahawa akishaweka sahani mezani, iwe London, New York au Nairobi, husema “Enjoy!” na kuondoka bila kutaja yambwa, na kamusi za wanafunzi zimeshaiingiza kama matumizi ya mazungumzo. Mwalimu anayesahihisha insha, hata hivyo, bado anadai “it” yake.